Apu ya data za shoti: kwa hisa iko fiti, kwa ETF inakutia presha bure

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: kwa hisa za kampuni moja moja hii apu naipa nyota nne, kwa ETF, yaani mfuko uliobeba hisa za kampuni nyingi na vipande vyake vinauzwa sokoni kama hisa, naipa mbili, na hizo mbili zenyewe ni kwa sababu grafu zinafunguka haraka na haina matangazo. Jina sitalitaja maana ninacholalamikia kipo kwenye apu nyingi za aina hii, ambazo kazi yake ni kukuonyesha kwenye soko la Marekani ni hisa gani zimeshotiwa sana, yaani watu wameazima wakaziuza wakitegemea bei ishuke wazinunue tena kwa bei ndogo, wamrudishie mwenyewe na wabaki na tofauti.

Sasa fungua ukurasa wa XRT, ile ETF ya makampuni ya rejareja. Unakutana na asilimia kubwa nyekundu ya shoti, yaani vipande vilivyoshotiwa ukigawa kwa vipande vilivyopo, XRT ni kawaida kabisa kuvuka 100, pembeni kuna alama ya moto na kipimo cha “uwezekano wa skwizi”, yaani walioshoti kubanwa wakanunua kwa mpigo bei ikaruka, kimejaa mpaka juu. Mgeni akiona hivyo anajua kuna wizi unafanyika au kesho bei inapaa. Na hakuna hata sentensi moja ya kumweleza kinachoendelea, wakati ukigusa hisa ya kawaida maelezo yapo ya kutosha.

Wangeweka hata mfano mdogo tu. Chukua mfuko wenye vipande milioni 10. Wenye vipande wanaviazimisha kupitia broka wao, wanaoshoti wanaviuza, wanunuzi wapya nao ni wenye mali halali na wanaweza kuviazimisha tena, mzunguko unaendelea hivyo hivyo. Mwisho wa siku unaweza kuwa na watu ambao jumla wanamiliki milioni 25 na wengine wanaodaiwa milioni 15. Toa hiyo 15 kwenye 25 unabaki na milioni 10 zile zile, hesabu imefunga, ila apu inachukua 15 inagawa kwa 10 inakuandikia 150% kwa rangi ya damu. Hapo hakuna kipande hewa hata kimoja, ni kipande kilekile kimeazimwa zaidi ya mara moja.

Hicho kipimo cha skwizi ndo kinaniudhi zaidi. Kwenye hisa ya kampuni skwizi inawezekana kwa sababu idadi ya hisa haibadiliki kirahisi, kampuni ikitaka kutoa mpya kuna makaratasi na taratibu, kwa hiyo walioshoti wote wakikimbilia kununua kwa mpigo bei inaruka. ETF haiko hivyo. Kuna mabroka wakubwa wenye mkataba na mfuko, wao bei ya kipande ikizidi thamani ya hisa zilizomo ndani wananunua hizo hisa sokoni, wanazikabidhi kwa mfuko, wanapewa vipande vipya kwa mafungu, mara nyingi fungu moja ni vipande 50,000, kisha wanaviuza na bei inarudi mahali pake. Wanaweza kufanya hivyo siku yoyote ya soko. Kuipa ETF kipimo kilekile cha skwizi ulichoipa hisa ya kampuni ni uvivu tu wa aliyetengeneza, samahani.

Halafu sehemu ya hiyo shoti inatoka kwa wafanya soko wenyewe, yaani wale ambao kazi yao ni kuwa tayari muda wote kukuuzia au kununua kwako. Mteja anataka kununua ETF saa hizi, mfanya soko anamuuzia kabla vipande havijatengenezwa, anajikinga kwa kununua hisa za ndani, vipande anavileta baadaye. Tangu tarehe 28 Mei 2024 mauzo Marekani yanatakiwa kukamilika siku moja ya kazi baada ya biashara, ila kanuni ya Marekani ya mauzo ya shoti inayoitwa Regulation SHO inampa mfanya soko halali muda mrefu kidogo kuliko muuzaji wa kawaida kabla ya kulazimishwa kufunga deni. Kwa hiyo kwenye takwimu anahesabika kama kashoti wakati kiukweli anahudumia wanunuzi! Yaani namba inaweza kupanda kwa sababu watu wanaitaka hiyo ETF, apu inakutafsiria kwamba wanaichukia.

Wengine ni wale wa kujikinga. Mtu ana kampuni ndogo ndogo anazozipenda ila anaogopa soko zima lisimwangukie, anashoti IWM, ile ETF ya kampuni ndogo za Marekani, mambo yanabalansi. Hana ugomvi na IWM hata kidogo. Ndo maana ETF za namna hiyo kiwango cha shoti kinakaa juu miaka nenda miaka rudi.

Kilichonifanya niandike lakini ni ile grafu ya XRT ya Januari 2021. Mnakumbuka hisa ya GameStop, lile duka la magemu, ilivyopaa, ikawa imekula karibu asilimia 20 ya XRT, mfuko ambao kawaida unazigawia kampuni zake uzito unaokaribiana. Wale mabroka wakubwa wakawa wanakomboa vipande kwa fujo, yaani wanavirudisha kwa mfuko, na ukikomboa unapewa hisa zilizomo ndani, GameStop ikiwemo, kipindi hicho hisa za GameStop ni lulu. Mfuko ukasinyaa ndani ya siku chache. Sasa vipande vilivyopo vikipungua, asilimia ya shoti inapaa hata kama hajaongezeka mtu yeyote wa kushoti, maana unagawa kwa namba ndogo. Apu inaonyesha mstari unapanda kama roketi na haikuonyeshi popote idadi ya vipande vilivyopo siku hiyo. Hiyo idadi wasimamizi wa mifuko wanaitoa bure kila siku, ni kuivuta tu na kuiweka chini ya grafu, ingeokoa watu wengi na mijadala ya usiku kucha.

Kingine, neno “laivu” pembeni ya namba. Laivu ipi? Mabroka wanaripoti shoti zilizo wazi, yaani ambazo bado hazijafungwa, kwa FINRA, chombo kinachosimamia mabroka Marekani, mara mbili tu kwa mwezi, katikati na mwisho, na zinatangazwa siku kadhaa za kazi baadaye, kwa hiyo unachokiona leo kimeshapoa. Wanachofanya hawa ni kuchanganya na ile ripoti ya kila siku ya mauzo yaliyowekwa alama ya shoti, ambayo ni kitu kingine kabisa, maana mfanya soko akiuza saa nne akanunua saa nne na dakika moja anahesabika humo na jioni hadaiwi chochote. Ripoti zote mbili FINRA inaziweka bure kwenye tovuti yake, mnajua hilo?

Nisiwaonee, kuna vitu vizuri. Historia ya gharama ya kuazima ni safi sana na kwa ETF naona ndo ya kuangalia kuliko asilimia, kuazima kukiwa rahisi bei poa basi hata 200% isikutishe, gharama ikiruka ghafla hapo kaa macho. Ile hesabu ya siku za kufunga shoti, yaani shoti zote gawa kwa wastani wa mauzo ya siku, nayo iko sawa, japo kwa ETF haina uzito sana kwa sababu mtu anaweza kufunga kwa kutengenezewa vipande vipya badala ya kuvisaka sokoni.

Niliwaandikia huduma kwa wateja kuhusu hilo neno laivu na alama ya moto, wakanijibu haraka na kwa adabu, “asante kwa maoni, tumeyapeleka kwa timu husika”, na moto bado unawaka. Anayefuatilia hisa za kampuni moja moja alipie tu, thamani anaipata. Mi mwezi ujao nashuka kifurushi cha bure, gharama ya kuazima bado inaonekana humo ila kwa kuchelewa siku moja, na mengine nitajivutia mwenyewe FINRA na kwenye kurasa za mifuko.