Uzoefu wangu na gemu ya drafti ya kriketi ya Testi: bodaboda katupiga wote

Kwanza niweke sawa kitu kimoja maana kilishatuletea vurugu, drafti ninayoongelea hapa siyo ile ya ubao na vizibo vya soda. Niliwaambia wana pale kijiweni karibu na feri ya Kamanga hapa Mwanza kwamba Jumamosi kuna drafti dukani kwa mzee mmoja pale mtaa wa Makoroboi, basi jamaa yangu wa bodaboda akaja na ubao kwapani, vizibo vimejaa mfukoni, ameshajipanga kula watu kingi. Ikabidi nimweleze kwamba hii ni ya kwenye simu, mnakaa watu kadhaa, mnachagua kwa zamu wachezaji wa kriketi ya Testi, ile ya siku tano, wa tangu enzi na enzi mpaka kila mtu anafikisha 11, halafu mashine inawachezesha. Akaniangalia. "Kriketi? Ile ya Wahindi na mti?" Nikamwambia kaa tu.

Mi mwenyewe kriketi nimeipatia pale pale Makoroboi, nina meza ya kutengeneza simu nje ya duka la vitambaa, na mzee mwenye duka tv yake haijui kitu kingine. Miaka sita nimesikia wiketi, ova, spina, mwisho ikaingia kichwani yenyewe. Kwahiyo tulikuwa wanne, mzee, mjukuu wake anayesoma chuo yupo likizo, mimi na bodaboda. Programu sitaitaja jina ila huyo mtoto wa chuo ndo aliyeileta, unalipia shilingi 12,000 kwa mwaka, ya bure inakupa drafti moja tu kwa wiki na matangazo yanakera kuliko mbu wa ufukweni.

Inavyoenda ni hivi. Zamu zinapigwa kura, halafu zinaenda kama nyoka, yani wa mwisho kwenye raundi ya kwanza ndo anaanza raundi ya pili, kwahiyo ukiwa wa nne unachukua wa 4 na wa 5 kwa mpigo halafu unasubiri mpaka wa 12 na 13. Una sekunde 90 kila zamu. Lazima uwe na kipa mmoja (yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira) na warushaji wasiopungua wanne. Wachezaji ni waliostaafu tu, na unaweza kuwapanga kwa wastani, kwa wiketi (yani wapigaji ambao mrushaji kawatoa), kwa nchi, vyovyote. Wastani kwa asiyejua ni jumla ya mikimbio ya mtu, ndo pointi za kriketi, ukigawanya kwa mara alizotolewa. Mtu akiwa na 50 huyo ni mkubwa, akifika 60 wanahesabika kwa vidole.

Kura ikampa bodaboda namba moja. Sasa hapo kila anayejua kriketi anajua namba moja haina mjadala, ni Don Bradman wa Australia, mechi 52, mikimbio 6,996, wastani 99.94, wa chini yake waliocheza mechi za kutosha hawavuki 60 na kitu. Yani siyo kwamba kawazidi, kawaacha stendi. Mimi nikawa nishakubali Bradman kaenda. Jamaa akashika simu, akauliza hii namba ikiwa kubwa ndo nzuri, tukamwambia ndiyo, akabonyeza panga kwa wastani, akachukua wa juu kabisa.

Andy Ganteaume.

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. Huyu Ganteaume ni mtu wa Trinidad, alicheza mechi moja ya Testi maisha yake yote, 1948 dhidi ya Uingereza pale Port of Spain, akaingia mara moja akapiga 112, halafu hakuitwa tena mpaka anakufa, wakasema alicheza taratibu mno. Gawanya 112 kwa moja unapata 112, kwahiyo kwenye karatasi kamzidi Bradman. Na cha ajabu mwaka huo huo wa 1948 ndo Bradman aliingia uwanjani mara ya mwisho pale uwanja wa Oval, London, akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake ubaki 100 kamili, akatolewa na sifuri mpira wa pili. Bodaboda akasema si mnaona, wangu alimaliza kazi, wenu alitetemeka.

Zamu ya pili mzee. Bradman bado yupo pale anang'aa na mzee anamjua vizuri kuliko sisi wote, na bado akachukua Sachin Tendulkar wa India. Mjukuu wake akapiga kelele, "Babu! Bradman!" Mzee akamjibu taratibu tu kwamba huyu kacheza Testi 200, kafunga 15,921 na senchuri 51 (mara 51 kafikisha mia), na yeye mzee alikuwa anakesha naye usiku, Bradman hajawahi kukesha naye. Sikuwa na la kusema hapo. Mtoto akachukua Bradman wa tatu, zawadi ya bure kutoka kwa babu yake.

Sasa mimi, na hapa ndo niseme kilichonifanya niipende hii gemu maana kwa kweli mengine yote ina kasoro. Watu wengi wanadhani unachagua wazuri. Hapana, wazuri wapo wa kumwaga, warushaji wenye wiketi mia tatu na kitu wapo mpaka unachoka, wapigaji wa wastani wa 50 ndo usiseme. Wachache ni wale wanaofanya kazi mbili. Una nafasi 11 tu, na Testi kwa kawaida huishindi bila kuwatoa watu 20, maana kila timu inapiga mara mbili na kila mara unatoa kumi, kwahiyo mtu mmoja akikufanyia ya wawili umeongeza mchezaji wa 12 kimya kimya bila refa kujua. Ndo maana nikachukua Garfield Sobers wa 4, kapiga 8,032 kwa wastani wa 57.78, ana wiketi 235, anarusha kasi, anarusha spini (mpira wa kuzunguka) ya aina mbili, 1958 alipiga 365 kwa mkupuo mmoja bila kutolewa na rekodi hiyo ikakaa mpaka Brian Lara wa West Indies alipoivunja 1994. Na wa 5 nikachukua kipa, Adam Gilchrist. Mtoto akanicheka eti kipa raundi ya pili. Bodaboda ndo mtu pekee aliyenielewa, "timu inaanzwa na kipa, hata Yanga na Simba ni hivyo," na ilipofika zamu yake naye akakimbilia kipa, akapata Kumar Sangakkara.

Hapo kwa Sangakkara ndo niligundua programu ina shida. Sangakkara wastani wake wa jumla ni 57.40, lakini alipokuwa anavaa glovu za kipa ulikuwa kwenye 40 tu, alipoziacha ndo ukapaa mpaka 66. Kazi ile inachosha, unachuchumaa siku nzima halafu uje upige. Programu haijui hilo, inakupa 57 zote na glovu juu.

Raundi zilizofuata sitazieleza zote mtachoka. Mtoto kabeba Malcolm Marshall, mrushaji niliyemtaka kuliko wote (wiketi 376 kwa wastani wa 20.94, kwa mrushaji wastani ni mikimbio anayoachia kwa kila wiketi, ukiwa mdogo ndo mzuri, nilishindwa kumpata kwa zamu moja tu na bado inaniuma), kabeba Shane Warne, Viv Richards na Jack Hobbs. Mzee ni India mwanzo mwisho, Gavaskar, Kapil Dev, Kumble, Dravid, ukimuuliza mikakati anakwambia moyo ndo mkakati. Bodaboda alishajifunza, wapigaji kwa wastani, warushaji kwa wiketi, akawa anafagia tu, Muralitharan wiketi 800, McGrath 563, Lara kwa sababu aliona kapiga 400 kwa mkupuo mmoja. Raundi ya sita na ya saba akampata Graeme Pollock wa 60.97 na Barry Richards wa 72.57. Huyu wa pili alicheza mechi nne tu maana Afrika Kusini walifungiwa kwa ajili ya ubaguzi kuanzia 1970, dunia ikamkosa. Huyo kidogo nilimwonea wivu, maana tofauti na Ganteaume, Barry kila aliyemwona anasema alikuwa kweli.

Katikati hapo akaingia mama mmoja mteja anataka kitenge cha sare ya harusi, doti nane, anataka kuona rangi zote, mzee akaacha simu kaunta. Sekunde 90 zikaisha. Programu ikamchagulia yenyewe, ikampa Chris Martin wa New Zealand, mrushaji mzuri tu ana wiketi 233 ila kwa upigaji ndo kichekesho cha karne, mechi 71 kafunga mikimbio 123, yani wiketi zake ni nyingi kuliko mikimbio yake. Mzee kurudi akakuta Chris Martin kakaa kwenye kikosi chake, tena nafasi ya mpigaji wa tatu! Hakuna kitufe cha kufuta, hakuna cha kusimamisha muda. Kwa watu kama sisi tunaocheza huku tunafanya kazi hiyo ni kasoro kubwa, mi kwa hiyo tu naipunguzia nyota moja. Mama wa watu naye akaanza kuulizia huyo Martin kamfanya nini mzee wetu.

Bodaboda akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri, Mtanzania yupo? Hayupo. Nchi zinazocheza Testi ni 12 tu, na kwa Afrika ni Afrika Kusini na Zimbabwe basi. Afrika Mashariki tulipeleka timu ya pamoja Kombe la Dunia la kwanza 1975 tukafungwa mechi zote tatu, Kenya wakafika nusu fainali 2003, ila hiyo ni kriketi ya siku moja, Testi ya siku tano hatujawahi kuigusa. Basi nikachukua Andy Flower wa Zimbabwe wa 36, kidogo kwa uzalendo wa bara, ila siyo huruma, wastani 51.54 kwenye timu iliyokuwa inapigwa kila siku, na mwaka 2000 kule Nagpur kawapiga India 232 bila kutolewa. Mzee aliposikia Nagpur akaguna.

Kikosi changu kikawa Hutton, Graeme Smith (nahodha, kaongoza Testi 109), Headley, Flower, Kallis, Sobers, Gilchrist, Imran Khan, Wasim Akram, Jim Laker na Sydney Barnes. Kiangalieni vizuri. Nina watu wanapiga mpaka namba tisa na warushaji sita, Laker ndo yule aliyetoa watu 19 kwenye mechi moja 1956, nilimchukua wa mwisho kabisa wa 44, wenzangu sijui walikuwa wanaangalia wapi. Nikajua leo nalala na ushindi.

Mashine ikachezesha, kila timu Testi tatu na kila mwenzake. Bingwa bodaboda. Ganteaume kapiga senchuri mfululizo kama anadaiwa, mashine inachukua ule wastani wa 112 inauamini mzima mzima, haijali kwamba ni wa siku moja. Ni sawa na mvuvi wa Mwaloni kapata sangara wa kilo 60 siku ya kwanza halafu uandike kila siku atapata wa kilo 60. Kingekuwepo kigezo hata cha mechi 20 tu yote haya yasingetokea. Na enzi nazo haizijui, Barnes wangu ana wiketi 189 kwa 16.43 lakini alizipata kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwenye viwanja visivyofunikwa mvua ikinyesha, mashine ikamwachia arushe vile vile kwa kina Lara. Hilo mimi sikulisema pale, alikuwa ananipatia wiketi.

Kwa hiyo kama unataka mashine ikwambie kikosi gani ni bora achana nayo, hela yako nunua sato. Kununua inunue kwa ajili ya ile saa moja na nusu ya kuchagua, ile presha ya kuhesabu zamu ukiomba Marshall apite, na ubishi. Kiingereza kitupu, hakuna lugha nyingine, mi nilikuwa mkalimani muda wote. Bando haili sana, chaji inakula, simu yangu ilianza na 80 ikaisha tukiwa kwenye matokeo na hapo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, tukamalizia kwa simu ya mtoto. Nyota tatu kati ya tano.

Jumamosi iliyofuata tukarudia. Kura ikampa mzee namba moja. Mjukuu wake akasogeza kiti, Babu safari hii usikosee, Bradman yupo juu. Mzee akavaa miwani, akabonyeza panga kwa wastani, akamchukua Ganteaume. Zamu ya pili ilikuwa ya bodaboda, akabaki na Bradman, akasonya, akatuambia yeye kila siku anaachiwa makombo.