TAHADHARI: Spika za kompyuta za "wati 1200" na saundi kadi ya "7.1" zinazotumwa mikoani kwa basi, msitume hela

Wakuu habari za saa hizi. Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika hii maana nilikua na hasira sana, nikasema ngoja kwanza vitu vifunguliwe kwa fundi nione kwa macho yangu ndo niongee. Sasa nimeona. Kuna mtu, au kundi la watu, wanauza spika za kompyuta na saundi kadi mtandaoni, wanasema duka lipo Kariakoo, wanatuma mikoani kwa basi, na mzigo unaofika sio ule uliouona kwenye picha. Jina la duka silitaji kwa sababu wanalibadilisha, nawaeleza wanavyofanya kazi ili hata wakija na jina jingine muwajue.

Mimi nipo Morogoro, nakata video za harusi na narekodi kwaya za mitaani kwetu, hiyo ndo riziki yangu. Kompyuta yangu spika zake ni zile ndogo za ndani, besi husikii kabisa, kwahiyo nilikua nikichanganya sauti naongeza besi mpaka niisikie mimi, halafu mteja anaenda kupiga nyumbani kwake kwenye sabufa inakua mvumo mtupu waimbaji hawasikiki. Kwaya moja wamenirudishia kazi mara mbili. Juu ya hapo nikichomeka earphone kuna kelele ya zzzz kwa mbali. Nikajiwekea lengo, elfu 10 elfu 20 kila kazi, miezi mitatu nikapata 170,000, nikasema nanunua spika nzuri kidogo na saundi kadi ya nje niachane na aibu.

Nikakutana na huo ukurasa. Picha kali, spika mbili nyeusi, kila moja ina koni kubwa ya rangi ya shaba chini na twita juu, yani ile koni ndogo ya sauti nyembamba, zimewekwa juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, pembeni kimechanika. Shikeni hiyo meza, nitairudia. Spika 120,000, saundi kadi 45,000, nauli ya basi 5,000. Nikamuuliza maswali mengi tu na alikua anajibu vizuri, "kaka hii mashine wati 1200 hutojuta", "bosi wangu hii kadi ni saba nukta moja, studio kubwa ndo wanatumia". Nikaomba video akanituma. Spika zinalia hatari, koni inacheza. Ila nendeni mkaangalie video za namna hii taratibu, mimi nimeiangalia tena baada ya kupigwa ndo nikaona, kuna sehemu anapitisha kiganja mbele ya koni anaiziba kabisa, na sauti haibadiliki hata kidogo. Ule muziki uliwekwa juu ya video baadae. Nilikua nayo hiyo video kwenye simu siku nne kabla sijalipa, kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya kupachika muziki kwenye video, na sikuona.

Kwenye malipo nikamwambia kaka nilipe mzigo ukifika, akasema wateja wa mikoani wameshawaliza sana, hela kwanza, na zimebaki pea mbili tu, kuna mtu wa Mbeya anazitaka. Namba aliyonipa ni ya kawaida ya mtu sio lipa namba ya duka. Kabla sijaweka namba ya siri jina likatokea, la mtu binafsi, halifanani na la duka wala la yeye aliyejitambulisha kwangu. Nikamuuliza, akasema huyo ni shemeji yake ndo mhasibu. Nikatuma.

Sasa sikilizeni. Mzigo ulikuja kweli. Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, wanadhani tapeli ni yule anayekula hela akapotea. Huyu anatuma kitu, anakupa namba ya risiti ya basi, unaenda Msamvu unapokea boksi limefungwa tepu kila kona, zito la kueleweka. Mimi nilifurahi na uzito ule, nikalibeba begani mpaka kwenye bodaboda.

Nyumbani nafungua, spika zinafanana na za picha kwa mbali, ila hakuna waya wa kuchomeka ukutani. Kuna waya mmoja wa USB wa kuchukua umeme kwenye kompyuta na jeki ya sauti basi. Nikawasha. Sauti kama redio ndogo iliyowekwa ndani ya ndoo. Ukiongeza inakoroma, besi ikipiga sauti inakatika inarudi. Nikamwandikia, akasema lazima utumie na saundi kadi yake. Nikatumia, vile vile. Akasema ziache zilie siku mbili zizoee. Siku mbili nzima nikaziacha zinalia chumbani, nimelala nazo. Siku ya tatu nikamwambia kaka nirudishie hela yangu nakurudishia mzigo, akaniambia nimeziunguza mwenyewe kwa umeme mbovu wa kwetu, alafu akanibloku.

Nikazipeleka kwa fundi mmoja wa redio hapa mjini, mzee mtu mzima. Akafungua skrubu nne za nyuma. Ile koni "kubwa" ya rangi ya shaba ni duara la plastiki tu kwa nje, koni yenyewe katikati ni ya inchi 2, na nyuma ya sumaku imeandikwa wazi 4Ω 3W, yani wati 3 tu. Twita ni kofia ya plastiki imebandikwa na gundi, nyuma yake hakuna hata waya mmoja. Na chini kabisa ya boksi la spika kulikua na donge la saruji, limeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni na kugandishwa kwa gundi. Mzee akalichomoa akaliweka mezani mbele yangu hakusema kitu. Ule ndo uzito nilioufurahia Msamvu.

Alichonieleza baadae nataka kila mtu akijue kwa sababu kingeniokoa. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa voti 5 na umeme wa nusu ampea, zidisha hapo unapata wati 2.5. Lile la bluu la USB 3.0 ni ampea 0.9, wati 4.5. Sasa spika inayokula wati 2.5 itatoaje 1200? Pasi ya kunyoshea nguo ndo inakula wati 1000 na zaidi, na mnajua inavyomaliza umeme wa luku. Spika haiwezi kutoa nguvu ambayo haijaingia, kwahiyo ukiona spika inachukua umeme kwenye USB tu na mtu anakutajia mamia ya wati, achana nae hapo hapo, usiulize swali la pili. Ile chipu ya kukuza sauti ndani ya spika ilikua PAM8403, ni chipu halali kabisa na mafundi wanaipenda kwa vispika vidogo, ila uwezo wake ni wati 3 kila upande, na hapo ukiikamua mpaka sauti inaharibika. Wala sio chipu mbaya. Ubaya ni kuivalisha jina la wati 1200 na bei ya 120,000.

Na hayo maneno PMPO, yani zile wati za kutisha zinazoandikwa kwenye maboksi, hayo hayana kipimo kimoja kinachoeleweka, kila mtengenezaji anaandika anachojisikia. Ulizeni RMS, yani wati za kweli ambazo spika inazimudu mfululizo. Muuzaji akikuambia hajui RMS angalau ni mkweli, akikuambia RMS na PMPO ni kitu kimoja huyo anakudanganya makusudi au hajui anachouza. Kwa chumba cha kawaida na kazi ya kuchanganya sauti hata wati 10 za kweli kila upande zinakutosha ukikaa karibu nazo, hii pia sikua naijua, nilikua nafukuza namba kubwa.

Saundi kadi sasa. Boksi limeandikwa 7.1 na jina la kampuni kubwa ambayo naamini haihusiki kabisa na ile takataka. Kifaa kina matundu mawili, la earphone na la maiki. Hebu fikirini, 7.1 ni njia nane za sauti, na jeki moja ya kawaida inabeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Kadi ya 7.1 ya kweli inayotoa sauti kwa jeki inahitaji matundu manne ya spika. Hilo unaliona kwenye picha, huhitaji fundi wala kusafiri kwenda Dar. Ndani yake tulikuta chipu ya C-Media CM108, nayo ni ya njia mbili, biti 16, mwisho 48 kHz, na maiki yake ni ya njia moja. Hiyo saba nukta moja ni draiva inaigiza tu kwenye programu. Kwa simu ya mtandaoni au kuokoa kompyuta iliyokufa jeki inafaa sana, ila sio ya studio na sio ya 45,000.

Ukitaka kuhakikisha bila kuifungua, ichomeke kwenye Windows, ingia Device Manager, nenda kwenye sifa za kifaa sehemu ya Hardware Ids, utaona herufi VID na namba mbele yake, hiyo ndo inataja kampuni ya kifaa. C-Media ni 0D8C. Creative wenye Sound Blaster ni 041E. Boksi likisema jina moja na namba ikasema jingine jua umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji aifanye hiyo kwenye video, mbele yako, huku mnaongea, sio video aliyoirekodi jana.

Kilichoniuma zaidi, ile kelele ya zzzz iliyonifanya nitafute saundi kadi haikutoka kwenye saundi kadi. Mzee aliniambia chomoa chaji ya kompyuta utumie betri usikilize. Nikachomoa. Kimya. Kelele ilikua ya chaji. Elfu 45 yote niliyotuma ilikua ya tatizo ambalo ningelijua kwa kuchomoa waya. Kwahiyo kabla hujanunua saundi kadi yoyote fanya hilo kwanza, na kama unatumia kompyuta ya mezani jaribu tundu la kijani la nyuma badala ya lile la mbele, mara nyingi la mbele linaokota kelele njiani kwa sababu waya wake unapita ndani karibu na mafeni na diski. Ikiwa kimya, hela yote weka kwenye spika.

Mzee alinitafutia spika za mtumba za redio ya zamani, mbao, koni inchi 5, mpira wa pembeni umelika kidogo akaubadilisha, na ampifaya ndogo inayotumia adapta ya ukutani. Yote kwa pamoja 85,000 kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, nikazisikiliza pale pale kibandani na nyimbo zangu mwenyewe kabla ya kubeba. Ile kazi ya kwaya nimeirudia, besi nimeipunguza karibu nusu, safari hii wameipokea.

Kuhusu hela, nilichelewa. Mtandao wa simu niliupigia siku ya tatu, wakaniambia ilishatolewa muda mrefu. Ukihisi tu umepigwa piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usisubiri spika "zizoee" kama mimi. Polisi nilienda nikapewa RB, waliniambia nihifadhi mazungumzo yote, muamala na risiti ya basi, kwahiyo msifute kitu hata kwa hasira. Tapeli akikutumia meseji za utapeli, namba yake ripoti kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na bidhaa feki malalamiko yanaenda Tume ya Ushindani, FCC, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu kitu unachomuuzia. Mimi barua yangu nimeshapeleka na picha za lile donge la saruji. Tukiwa wengi wenye picha zinazofanana itakua na uzito kuliko mimi peke yangu. Na risiti ya EFD daini kabla ya hela kutoka, huyu nilipomuuliza risiti alisema mashine ipo matengenezo.

Juzi jioni jamaa yangu wa Dodoma, anafundisha kompyuta, kanitumia picha ananiuliza hizi spika zinafaa darasani? Jina la duka jingine kabisa, namba nyingine, bei imeshuka mpaka 95,000. Nikaikuza ile picha. Kitambaa cha plastiki, maua ya njano, pembeni kimechanika pale pale. Alikua ameshaandika kiasi kwenye simu, bado namba ya siri. Aliyeiona hiyo meza popote, tafadhali aweke picha na jina wanalotumia sasa hivi.