Visu vya Mfukoni: Vitatu vya Kubaki Navyo na Sababu za Kuviacha Vingine

Mtu akishakusanya visu vya kukunja kumi na tano au ishirini, swali la ununuzi hubadilika. Karibu kila alicho nacho ni kizuri kwa namna yake, na kila kimoja kina cha kujitetea: hiki ni chepesi, kile kina mpini wa kupendeza, kingine kimeadimika na hakipatikani tena. Shida ni kwamba mfuko ni mmoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye droo iliyojaa anayetaka kubaki na vichache, lakini unamfaa pia mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa sababu visu vinavyosalia baada ya mchujo ndivyo ambavyo angestahili kuanza navyo na kujiepusha na mzunguko mrefu.

Kanuni niliyoitumia ni moja: kisu kibaki kwa sababu ya kazi ambayo vingine haviiwezi vizuri kama chenyewe. Uzuri, uadimu na kumbukumbu ya siku nilipokinunua havikuhesabiwa. Niliviweka visu vyote ishirini na tatu katika sanduku moja, na kila asubuhi nikachukua kimoja bila kufikiri sana. Baada ya miezi miwili ilidhihirika kwamba mkono ulikuwa ukirudia vilevile vinne au vitano, na kwamba baadhi ya visu nilivyokuwa nikivisifu sana mbele za watu havikuwahi kutoka sandukuni hata mara moja. Napendekeza jaribio hilo lifanywe kabla ya kununua au kuuza chochote.

Wembamba wa bapa kwanza, aina ya chuma baadaye

Wapenzi wa visu wanaweza kubishana usiku kucha juu ya majina ya vyuma vya pua, na mimi nimo miongoni mwao, lakini katika matumizi ya kila siku jambo linaloamua ni wembamba wa bapa, yaani ule ulimi wa chuma unaokata, mara tu baada ya makali. Makali yakishaingia katika kadibodi au tunda, kitu kinachokatwa hulazimika kupanuka ili kupisha mwili mzima wa bapa. Kwa hiyo kisu cha chuma ghali chenye mgongo wa milimita 4 hulipasua tufaha kama kabari inavyopasua gogo, ilhali kisu cha chuma cha kawaida chenye mgongo usiofika milimita 2 hulikata vipande laini bila kelele. Anayenunua kwa kusoma jina la chuma peke yake hununua kitu ambacho hatakihisi mpaka siku ya kunoa.

Na siku ya kunoa ndipo chuma kinapojionyesha. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C, ambacho namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi: visu vya mfukoni vya Victorinox, kampuni ya Uswisi, viko karibu na 56, na chuma cha Kijapani kiitwacho VG-10 hufikia takriban 60. Kilicho laini zaidi hupoteza makali mapema, lakini hurudishwa kwa mipito michache juu ya jiwe, hata juu ya duara lisilong'arishwa lililo chini ya kikombe cha kauri. Kilicho kigumu hudumu na makali kwa muda mrefu, ila hudai jiwe zuri na subira, na ukikipindapinda ndani ya ubao mgumu makali yake humeguka badala ya kukunjika. Kwa kisu ambacho hakitaki uangalizi mkubwa, mimi huchagua kilicho laini, na msimamo huo umeathiri mpangilio wote unaofuata.

Nafasi ya kwanza: Victorinox Pioneer X

Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, alifungua karakana yake mjini Ibach, katika jimbo la Schwyz nchini Uswisi, mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi hiyo visu vya askari. Kisu cha afisa, ambacho ndicho babu wa visu vyekundu vinavyojulikana duniani kote, kilisajiliwa mwaka 1897. Ubunifu wake ulikuwa ndani, mahali ambapo mnunuzi haoni: springi moja ilibeba vifaa upande wa tumbo na upande wa mgongo kwa wakati mmoja, hivyo vifaa sita viliweza kutoshea juu ya springi mbili tu. Wepesi wa visu hivi hadi leo unatokana na hesabu hiyo.

Kati ya aina nyingi za kampuni hiyo, ninayoiweka juu ni Pioneer X, yenye mpini wa alumini iliyochongwa vipele na urefu wa milimita 93 ikiwa imefungwa. Ina bapa moja kubwa, mkasi, kifungua kopo chenye bisibisi ndogo kwenye ncha, opena ya chupa yenye bisibisi kubwa, na kitoboleo. Haina kibano, haina kijiti cha meno wala kizibuo, na mimi sijavihitaji kwa wingi wa kutosha kulalamika. Mtu anayevihitaji achukue Climber, yenye urefu wa milimita 91 na mpini wa plastiki, ambayo inavyo vyote hivyo pamoja na mkasi. Atapoteza ule ugumu wa alumini, lakini atapata bapa dogo la pili, ambalo ni jema kuliachia kazi chafu ili lile kubwa libaki safi kwa chakula.

Sababu nyingine ya kukiweka kisu hiki juu ni kwamba hakina kufuli, yaani kizuizi cha kulikaza bapa likiwa wazi. Wengi huona hilo kuwa upungufu, na kwa mtu anayechoma au kutoboa kwa ncha ni upungufu kweli, kwa sababu springi peke yake haiwezi kulizuia bapa lisiangukie vidole. Lakini kwa mtu anayesafiri, kutokuwa na kufuli ni ruhusa ya kupita. Nchini Uingereza mtu anaweza kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62; lakini kikiwa na kufuli, ruhusa hiyo inaondoka hata kama bapa ni fupi kuliko kidole. Ujerumani nayo, tangu mwaka 2008, imezuia kubeba hadharani bila sababu halali visu vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga. Kila nchi ina yake, na ni busara kusoma sheria ya mahali unapokwenda kabla ya kuchagua, ukikumbuka kwamba katika chumba cha abiria cha ndege ni salama zaidi kudhani kwamba hakuna kisu kitakachokubaliwa.

Nafasi ya pili: Opinel nambari 8

Hiki ndicho kisu kinachokata kuliko vyote nilivyobaki navyo, na pia ndicho rahisi zaidi kutengenezwa: bapa, mpini wa mbao, ekseli na pete. Kilianza mwaka 1890 katika eneo la Savoie nchini Ufaransa, na mwaka 1897 kikapangwa katika saizi kumi na mbili zilizopewa nambari. Nambari 8 ina bapa la sentimita 8.5, na saizi hiyo hutosha kumenya tunda, kukata mkate mdogo na kufungua vifurushi bila kuonekana silaha mezani. Pete inayozunguka shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, hulifunga bapa likiwa wazi; tangu mwaka 2000 hulifunga pia likiwa limekunjwa, jambo linalomtuliza anayekitupa kisu ndani ya mkoba pamoja na vitu vingine.

Mnunuzi huombwa achague kati ya chuma cha kaboni na chuma kisichoshika kutu. Cha kaboni hunoleka upesi na kupata makali matamu, lakini kikikata limau au nyanya hubadilika rangi kuwa kijivu na buluu, na kikiachwa na unyevu usiku mmoja asubuhi kina madoa ya kutu. Weusi ule wa taratibu si ugonjwa. Kutu nyekundu ndiyo ya kufutwa. Kwa mtu ambaye hafuti kisu baada ya kula, jibu ni kile kisichoshika kutu, na asione haya.

Kasoro yake halisi ni mbao. Mpini ukilowa huvimba na kulibana bapa lisifunguke. Wenye kisu hiki hugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu ili bapa lichomoze kiasi cha kushikika kwa vidole. Kupaka mafuta ya kitani ndani ya mfereji wa mpini, mara moja kinapokuwa kipya na tena kila kinapokauka, hupunguza tabu hiyo bila kuimaliza. Kama kazi yako ni ya majini, kiruke kisu hiki bila majuto.

Nafasi ya tatu: Spyderco Delica

Kuna siku ambazo mkono mmoja umeshika kamba au boksi, na kisu kinachodai kucha za mikono miwili hakina msaada. Kwa siku hizo kimebaki kisu cha Spyderco, kampuni iliyoko Golden, Colorado, nchini Marekani, ambayo mwaka 1981 ilitoa kisu cha kukunja chenye tundu la duara kwenye bapa kwa ajili ya kidole gumba na kibanio cha kukining'iniza ukingoni mwa mfuko. Leo mambo hayo mawili yamezoeleka kiasi kwamba tunasahau kuwa yalikuwa na mwanzo.

Delica ilitoka mwaka 1990. Toleo lake la kawaida la sasa lina chuma cha VG-10, mpini wa nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kufuli la mgongoni, na uzito unaozidi gramu 70 kidogo tu. Kibanio kinaweza kuhamishwa sehemu nne, kwa hiyo mtu wa mashoto hapuuzwi. Umbo lake si la kuvutia; bapa lina nundu juu ya tundu na mpini unahisika kama kifaa cha ofisini. Nilikuwa na visu vitano vizuri zaidi vya kundi hili, na vyote vitano vimeondoka, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kizito zaidi, au kinene zaidi nyuma ya makali, au kilinifanya niogope kukikwaruza.

Nje ya vitatu hivi kuna nusu: Classic SD ya Victorinox, ya milimita 58, inayokaa kwenye funguo pamoja na mkasi wake mdogo na kibano. Sihesabu kama kisu, lakini kuna wiki nzima inayopita nisitumie kingine.

Vilivyoachwa

Buck 110, ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964, ndiyo iliyoniuma zaidi kuiacha. Kufuli lake la mgongoni lilikuja kuigwa na wengi, na shaba na mbao za mpini wake huzeeka kwa heshima. Hata hivyo ina takriban gramu 200, na kisu kinachohitaji ala yake kwenye mkanda si cha mfukoni tena. Anayewinda au kufanya kazi shambani anaweza kuiweka nafasi ya kwanza, na sitabishana naye.

Higonokami ya mji wa Miki, Japani, ni bapa ndani ya kipande cha bati kilichokunjwa, bila springi wala kufuli. Kidole gumba hubana kijiwiko cha nyuma na hicho ndicho usalama wote. Kama kisu cha kuchongea penseli hakina mpinzani, ila Opinel hufanya kazi hiyo pia. Visu vya Laguiole ni vyembamba na vya kupendeza mezani, lakini mnunuzi aelewe kwamba jina hilo ni la kijiji cha Ufaransa na limetumiwa na watengenezaji wengi sana, wazuri na wabovu, hivyo nyuki aliyechongwa mgongoni hathibitishi ubora wowote. Vile vyenye bapa nene na sura ya kivita vilitoka siku ya kwanza.

Kabla ya kulipa

Fungua bapa na ulitikise kushoto na kulia, lisicheze. Likunje na uangalie kama limekaa katikati bila kugusa ukuta wa mpini. Katika kisu cha springi, inua bapa hadi nusu na usikilize: springi nzuri hulivuta kwa mlio mkavu, na dhaifu huliacha likilegea. Katika kisu chenye kufuli, weka vidole mbali na njia ya makali kisha ukandamize mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao. Likikubali hata kidogo, kirudishe. Baada ya hapo nunua jiwe la kunolea lenye chembe za namba 1000 (kipimo cha ulaini wa jiwe) kwa fedha ambayo ungenunulia kisu cha nne.

Vile visivyouzwa wala kugawiwa vihifadhiwe nje ya ala za ngozi, kwa maana kemikali zilizobaki katika ngozi pamoja na unyevu inaoushika huleta kutu kwenye chuma na ukungu wa kijani kwenye shaba. Vifute, vipake tone la mafuta mepesi kwenye ekseli, uvifunge kwa kitambaa kikavu cha pamba, na uvikague kila baada ya miezi michache, ukianza na vile vya chuma cha kaboni.