Nimeuziwa pampu ambayo gari halikuihitaji: uzoefu wangu na gereji moja ya Dodoma

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa. Vani yangu ya dizeli, hizi injini za kompyuta, inabeba wafanyabiashara wa mahindi kati ya Dodoma na Kibaigwa. Ikaanza kuzima yenyewe njiani. Haikohoi, haitoi moshi, inakata ghafla. Ukiegesha ikapoa, inawaka kama kawaida.

Nikaipeleka gereji moja kubwa hapa mjini. Wakachomeka mashine ya kusoma makosa asubuhi, injini ikiwa ya baridi, haikuonyesha kitu. Nikamwambia bosi wao: kaka, hii inazima ikishapata moto, twende nayo hadi Chamwino mashine ikiwa imechomekwa. Akanijibu mbele ya vijana wake, "Mama, wewe lete hela, ufundi tuachie wenyewe." Kisha akatangaza kwamba pampu ya presha, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, imekufa.

Imekufaje? Dizeli ikikosekana, kwa pampu kuchoka, filta kuziba au mpira kuvuta hewa, mara nyingi gari hupoteza nguvu kwanza, linahangaika mlimani, linatikisika, ndipo linazima. Langu mshale wa mizunguko ulikuwa unaanguka hadi sifuri papo hapo, gari bado liko kwenye gia, magurudumu bado yanaizungusha injini. Maana yake kompyuta haioni tena kwamba injini inazunguka. Hilo nalo nilimweleza. Hakunitazama hata usoni.

Nikalipa. Bei yake sitaki hata kuiandika. Wakanikabidhi ufunguo wakisema gari limepona, nipakie abiria bila wasiwasi.

Likazima tena karibu na Mbande, limejaa watu, lori la mizigo liko nyuma yangu. Anayeendesha anajua: injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki ukishaikanyaga mara chache inakuwa ngumu kama jiwe. Kulikuwa na mama amempakata mtoto kiti cha mbele. Ndiyo maana sinyamazi.

Aliyelitibu ni mzee mmoja wa Chang'ombe asiye na hata bango. Alipanda, tukazunguka mpaka likazima. Akaingia chini na chupa ya maji, akaimwagia sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ipoe, akasema, "Piga stata, mwanangu." Likawaka hapo hapo. Likazima tena, akamwaga tena, likawaka. Sensa ikishika joto inaacha kutuma taarifa, kompyuta inakata dizeli. Akafunga mpya, na tangu hapo naenda Kibaigwa na kurudi bila tatizo.

Nisiwaonee wote wa ile gereji. Filta walibadilisha vizuri, na yule kijana wa mashine alininong'oneza kwamba angependa kulipima likiwa la moto. Kijana ana akili ya kazi. Nilitaka kusema basi, kwa sevisi ya kawaida nendeni. Lakini hapana, siwezi. Bosi aliyemziba mdomo kijana huyo ndiye huyo huyo aliyeniruhusu nipakie watu. Msiende, hata kwa kubadilisha oili.

Na pampu yangu ya zamani, iliyokuwa nzima, hawajanirudishia. Naitaka.