Mwaka wangu wa nne na WordPress kwenye seva ya kukodi

Naendesha blogu yangu kwa WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, niliyoisakinisha mwenyewe, na huu ni mwaka wa nne. Seva ni ndogo: RAM ya GB 1, Debian (aina ya Linux), Nginx (inayowapa wasomaji kurasa), PHP (lugha inayoziunda) na MariaDB (hifadhidata), basi. Sina fundi nyuma yangu. Ikizimika saa nane za usiku, anayeamka ni mimi, au haamki mtu na wasomaji wanasubiri hadi asubuhi.

Tathmini nyingi za WordPress nilizosoma ziliandikwa na watu walioisakinisha jana. Wanasifu wepesi wa kuanza, na hawasemi uongo. Kutoka seva tupu hadi makala ya kwanza ilinichukua jioni moja. Programu yenyewe ipo tangu 2003, ni bure, na karibu kila swali utakalouliza kuna mtu alishalijibu. Mimi nataka kuzungumzia kinachofuata baada ya hiyo jioni moja.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa pili nilidukuliwa, na kwa muda wa wiki mbili hivi sikujua. Siku moja nilitafuta jina la blogu yangu kwenye Google, nikakuta kurasa zenye maandishi ya Kijapani zinazouza saa za mkononi. Anwani ilikuwa yangu kabisa. Nikibofya kutoka Google napelekwa dukani kwa watu nisiowajua. Nikiandika anwani mwenyewe kwenye kivinjari, blogu inafunguka salama salimini. Ujanja uko hapo: mwenye blogu haingii kwake kupitia Google, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho kujua.

Nikaingia kwenye seva. Folda ya uploads ni ya picha, haina sababu ya kuwa na faili ya PHP. Nikatoa amri ya kutafuta kila faili inayoishia na .php humo ndani, zikatoka tatu. Moja ilikuwa imejibanza katikati ya picha za mwaka uliotangulia, jina lake limefananishwa na la picha. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja mrefu wa herufi zisizosomeka, na mwanzoni mwake maneno mawili, eval na base64_decode, yaani amri za kufumbua maandishi yaliyofichwa na kuyaendesha. Nilizifuta zote tatu, nikalala nikijiona bingwa. Asubuhi zilikuwa zimerudi.

Zilirudi kwa sababu aliyeingia alikuwa ameshajitengenezea akaunti ya msimamizi kwenye hifadhidata, tena akaacha kazi ya ratiba inayorudisha faili zikifutwa. Nilipoona zimerudi mara ya tatu nikaacha kufukuzana naye. Nikaamua kubomoa nyumba nzima.

Mlango alioingilia? Plagini (programu ya nyongeza) ya fomu ya mawasiliano niliyokuwa nimeizima miezi mingi kabla. Nimesema nimeizima, sikusema nimeifuta. Nilidhani plagini iliyozimwa imelala. Kumbe faili zake bado ziko kwenye seva, na mtu akijua anwani ya faili yenye kasoro anaweza kuiita moja kwa moja bila kujali WordPress inasema imewashwa au imezimwa. Sitaitaja jina, kwa sababu kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, kilikuwa kimeshatolewa zamani. Ni mimi ambaye sikukiweka.

Tangu siku hiyo nina plagini sita tu. Kabla ya hapo zilikuwa ishirini na tatu, na nikiwa mkweli, kumi kati yake sikumbuki nilizitakia nini.

Halafu ikaja habari ya bakapu, yaani nakala za akiba. Nilikuwa nayo! Plagini ilikuwa inatengeneza moja kila usiku na kuiweka kwenye folda ndani ya seva ileile, na inahifadhi za siku kumi. Hesabu mwenyewe: mdukuzi ana wiki mbili ndani, bakapu zinarudi nyuma siku kumi. Zote kumi zilikuwa na uchafu uleule. Kilichoniokoa ni nakala ya hifadhidata niliyoipakua kwenye kompyuta yangu kwa bahati tu, nilipokuwa najaribu themu (mwonekano wa blogu) mpya. Nilipoteza makala nne, mbili nikaziokota kwenye kache za kivinjari changu.

Na bakapu kukaa mahali pamoja na kitu chenyewe si kosa la wanaoanza peke yao. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka moto, jengo moja likateketea lote. Kuna waliokuwa na bakapu, lakini zilikuwa palepale penye seva zao.

Sasa natumia restic, programu ya kutengeneza bakapu. Kila usiku hifadhidata inamwagwa kwenye faili, kisha faili hiyo pamoja na folda ya wp-content (picha, themu na plagini) vinasimbwa na kutumwa kwenye hifadhi ya kampuni nyingine, kwa akaunti ambayo seva inaruhusiwa kuongeza vitu lakini si kufuta. Mtu akiteka seva hawezi kunifutia historia. Restic imenipendeza kwa sababu inatuma mabadiliko tu, hivyo usiku wa kawaida kazi inakwisha chini ya dakika moja. Ubaya wake ni kwamba ukipoteza nenosiri lake, data imekwenda, hakuna wa kumlilia. Nimeliandika kwenye karatasi na kulifungia mahali. Ndiyo, karatasi.

Lakini kuwa na bakapu ni jambo moja, kuirejesha ni jingine. Mara ya kwanza nilipojaribu kurejesha kila kitu kwenye seva tupu, nikakwama dakika ya tano. Faili ya wp-config.php haimo ndani ya wp-content, inakaa folda ya juu yake, na sikuwa nimeiweka kwenye orodha. Humo ndimo mlimo jina la hifadhidata, nenosiri lake, na kiambishi cha majina ya majedwali ya hifadhidata ambacho nilikibadilisha siku ya kwanza nikidhani najilinda. WordPress haikuyaona majedwali yangu, ikanikaribisha kama mgeni: chagua lugha, andika jina la tovuti. Nilicheka kwa uchungu. Siku hizi narudia zoezi hilo kila baada ya miezi mitatu na nimefika dakika arobaini kutoka seva tupu hadi blogu inayofunguka.

Kuhusu ulinzi wa kila siku, nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kusakinisha plagini kubwa ya usalama. Nayo siitaji. Ilikuwa inanitumia barua pepe za hofu mara tano kwa siku, inakagua faili zote wakati wasomaji wapo, na inakula RAM ambayo sina. Zaidi ya hayo, inafanya kazi ndani ya PHP, maana yake mpaka ije kumkataa mtu, seva imeshamfungulia mlango, imeshawasha WordPress nzima kwa ajili yake. Mlinzi anakaa sebuleni.

Nikahamia Fail2ban, ambayo inasoma logi za seva (kumbukumbu za yanayotokea) na kumfungia nje anayekosea kupita kiasi kabla hajaigusa PHP. Isipobadilishwa, inamfungia anayekosea mara tano ndani ya dakika kumi, na kifungo chake ni dakika kumi. Kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, niliongeza kifungo kuwa siku nzima. Wiki hiyohiyo nikajifungia mwenyewe. Kibodi ilikuwa kwenye lugha nyingine, nikakosea nenosiri mara tano kwa kujiamini kabisa, seva ikanigeuzia mgongo. Ilibidi niingie kwa dirisha la dharura la kampuni ya seva kujifungulia. Baada ya hapo niliacha manenosiri ya SSH moja kwa moja: naingia kwa ufunguo tu, na mtumiaji root (mwenye mamlaka yote) haruhusiwi kuingia kutoka nje. Logi bado zinajaa majaribio ya roboti, admin, test, oracle, lakini sasa wanagonga ukuta.

Kwenye WordPress yenyewe nimefanya machache. Uthibitisho wa hatua mbili kwa akaunti ya msimamizi. Akaunti ya pili, yenye haki za mhariri tu, ndiyo ninayoandikia. Nimeifunga xmlrpc.php, mlango wa zamani wa programu za nje kuzungumza na WordPress, kwa sababu situmii chochote kinachoihitaji, na roboti zilikuwa zinaipenda mno kwa kubahatisha manenosiri. Nginx imeambiwa isiendeshe faili yoyote ya PHP iliyomo ndani ya uploads; mistari mitatu tu ya mipangilio. Ningekuwa nayo mwaka wa pili, zile faili tatu zingekaa pale kama mawe.

Masasisho nimeyaacha yajiendeshe. Najua wapo wanaoogopa sasisho litavunja themu, na mara mbili limenivunjia kweli. Lakini WordPress inajiwekea viraka vidogo yenyewe tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na kilichotokea 2017 kilinitosha kama somo: toleo la 4.7.2 lilitoka Januari 26 likiziba tundu lililomruhusu mtu yeyote kubadilisha makala za wengine kupitia REST API (njia ya programu nyingine kuzungumza na WordPress), wiki moja baadaye maelezo yakatangazwa, na tovuti chungu nzima ambazo hazikusasishwa zikaandikwa upuuzi kwenye kurasa zao. Themu iliyovunjika naitengeneza kwa nusu saa.

Upande wa kasi, hapa ndipo nilipoteza muda mwingi zaidi kwa sababu nilikuwa nalaumu kitu kisichohusika. Kila makala yangu ikipata wasomaji wengi, blogu inaanguka na kuandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata. Nikadhani MariaDB ni mbovu. Nikaisakinisha upya. Nikaibadilishia mipangilio niliyonakili sehemu mbalimbali bila kuielewa. Kumbe ilikuwa inauawa. PHP ilikuwa imeruhusiwa kufungua michakato ishirini kwa wakati mmoja, kila mmoja unakula kama MB 50. Ishirini mara hamsini ni GB 1, yaani RAM yote ya seva. Kumbukumbu inapokwisha, Linux inachagua mchakato mnene na kuuchinja, na mnene ulikuwa ni MariaDB. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye logi ya mfumo, mstari mmoja kwa kila kifo, na mimi sikuwahi kuifungua.

Nilishusha michakato hadi mitano, nikaongeza swap ya GB 1 (sehemu ya diski inayoisaidia RAM), kisha nikawasha kache ya kurasa kwenye Nginx. Msomaji wa kwanza anatengenezewa ukurasa na PHP, wanaomfuata wanapewa nakala iliyokwisha kuiva. Tangu hapo seva haijaanguka kwa sababu ya wasomaji hata mara moja.

Ila kache nayo ilileta lake. Makala nilizozipangia saa ya kutoka zikaanza kuchelewa, nyingine saa sita nzima. WordPress haina saa yake; inakagua ratiba pale mtu anapofungua ukurasa. Sasa wasomaji wanapewa kurasa za kache, PHP haiguswi, ratiba haikaguliwi. Niliizima njia hiyo kwenye wp-config.php na kuweka cron, kipanga ratiba cha seva, iigonge WordPress kila dakika tano. Jambo dogo, lakini nililitafuta siku mbili.

Cheti cha HTTPS nakipata bure kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, kwa kutumia programu ya Certbot. Kinadumu siku 90 na kinajihuisha chenyewe zikibaki 30, kwa hiyo unasahau kama kipo. Na mimi nilisahau. Siku moja, katika kubana usalama, nikaifunga poti 80 (mlango wa HTTP isiyosimbwa) nikiwaza kwamba kila mtu anatumia 443 (wa HTTPS). Let's Encrypt ilikuwa inathibitisha umiliki wa kikoa changu kupitia hiyo poti 80. Certbot ikajaribu mara mbili kila siku kwa mwezi mzima, ikashindwa kimyakimya, hadi msomaji mmoja akaniandikia kwamba kivinjari kinamwonya asiingie kwangu. Msisubiri barua pepe ya kukumbushwa pia. Let's Encrypt waliacha kuzituma Juni 2025. Nina hati ndogo ya amri (script) inayonipigia kelele cheti kikibakiza siku 20.

Nyota ngapi kati ya tano? WordPress naipa nne. Restic tano, Fail2ban nne, Certbot tano pamoja na kwamba niliitesa. Kujiendeshea seva kwa ujumla naipa tatu na nusu, maana inanigharimu kama saa mbili kila mwezi pale mambo yakiwa shwari, na wikiendi nzima yasipokuwa shwari. Kama unachotaka ni kuandika tu na hufurahii hata kidogo kufungua logi, lipia huduma inayosimamiwa, au tumia Hugo, programu ya kutengeneza tovuti, utoe kurasa za faili tu zisizo na PHP wala hifadhidata, uwapunguzie roboti kazi.

Mimi naendelea. Katika zile plagini sita kuna moja ya matunzio ya picha ambayo mtengenezaji wake hajaigusa kwa zaidi ya mwaka, na picha zangu mia tatu na kitu zimefungwa kwenye msimbo wake. Jumamosi nazitoa moja moja.