Parker 51 Aerometric: si adimu hata kidogo, ila ndiyo inayotembea mfukoni

Nianze kwa kukiri, mimi ni mgonjwa wa kalamu za wino za zamani na kwenye trei yangu kuna kadhaa ambazo nikizitaja mbele ya wagonjwa wenzangu swali la kwanza huwa "unauza?". Lakini zote zimelala. Inayotembea nami kila siku ni Parker 51 Aerometric nyeusi, yaani kalamu iliyotengenezwa kwa mamilioni, rangi ambayo mkusanyaji hata hageuzi shingo. Ndiyo ninayoisifia leo, na kuilaumu kidogo pia maana haijakamilika.

Nilivyoipata ni kwa machungu. Mwanzoni nilikuwa nawinda ile 51 ya awali zaidi, Vacumatic, yenye kito juu ya mfuniko na kingine mkiani, mfuniko wa dhahabu, mtu akaiweka mtandaoni na maelezo kwamba imeshafanyiwa sevisi na inaandika vizuri kabisa, picha zinang'aa, mimi huyo nikalipa bila kuuliza hata swali moja la maana. Ikafika. Nikaitia kwenye wino, nikabonyeza kile kidude cha nyuma, hakuna kitu, hata povu moja. Kumbe mpira wa ndani ulishakauka siku nyingi, mgumu kama ukucha, na "sevisi" yenyewe ilikuwa kusugua nje mpaka ing'ae. Nikamwandikia muuzaji, kimya. Nikaandika tena, akaniblok. Hasira zikanipeleka kununua hii nyeusi ambayo mwenzangu alikuwa anaitoa kwa sababu ina mikwaruzo na jina la mwenyewe wa kwanza limechongwa ubavuni.

Sasa tofauti yenyewe iko hapa, na kama unaanza huu mchezo sikiliza vizuri. 51 ilianza kuuzwa Marekani 1941 ikiwa na mfumo wa Vacumatic, ambapo wino unakaa moja kwa moja ndani ya mwili wa kalamu na kazi yote ya kuvuta inategemea huo mpira mdogo wa nyuma, na mpira ni mpira, unazeeka. Mwaka 1948 wakaleta Aerometric: unafungua mwili, unakuta kifuko cha plastiki ndani ya kasha la chuma lenye kibanio, unabana mara kadhaa nibu (ile ncha ya kuandikia) ikiwa ndani ya wino, basi. Hicho kifuko jamani ni maajabu. Yangu ina namba 9 kwenye mwili, ambayo ni alama ya 1949, na kifuko ni kilekile cha kiwandani, kimebadilika rangi tu kwa wino wa miaka. Nilichofanya ni kuisafisha kwa maji ya uvuguvugu, kubana na kuachia, kubana na kuachia, siku mbili hivi mpaka wino wa marehemu sijui nani ukaisha, nikajaza, ikaandika. Hapohapo. Umri wa babu na inaanza kabla biki yako haijapata joto.

Kuandika kwake ndiyo nyumbani. Nibu ni dhahabu karati 14 lakini huioni, imefichwa chini ya ganda, inachungulia ncha tu, na ndiyo maana wengi wanaiona kalamu ya kawaida isiyo na mbwembwe. Chini ya hilo ganda kuna kipande chenye mapezi membamba membamba kinachodaka wino uliozidi, kwa hiyo haimwagi hovyo, na kwa kuwa nibu haiko wazi kwa hewa haikauki haraka, unaweza kusimama ukawaza sentensi, ukarudi, ikaendelea palepale. Kwa mtu anayeandika huku anafikiria hiyo ni kitu kikubwa kuliko dhahabu ya mfuniko. Na mfuniko wenyewe hauzungushwi, unasukuma tu unaingia na kukamata, taratibu, bila ule mlio wa klik.

Mwili ni Lucite, aina ya akriliki, na haukuchaguliwa kwa urembo. Parker walikuwa na wino wao wa kukauka haraka uliokuwa mkali kiasi cha kula plastiki za kalamu nyingine za enzi hizo, ikabidi kalamu itafutiwe ngozi inayouvumilia. Kwa hiyo ukipata chupa ya zamani ya Superchrome, wino mkali wa aina hiyo wa Parker, iache kabatini kama pambo, usiujaze kokote. Na usije ukasafisha 51 kwa spiriti, akriliki na spiriti havipatani, utaona nyufa ndogondogo kama utando wa buibui halafu uanze kulaumu watu. Maji tu. Wino mweusi wa kuchorea ule mzito ndio kabisa usiguse, utaziba yale mapezi na kuyafungua ni shughuli, ganda limeshikwa na shelaki, aina ya gundi, inabidi ipashwe moto kidogokidogo, ukizidisha ganda linapinda. Mimi nimeshapinda moja. Sitaki kulizungumzia.

Lawama sasa. Kwanza nibu haina maringo, ni ngumu, haipanuki, kama unataka mstari mnene na mwembamba kwa kukandamiza hii sio yako kabisa, tafuta kalamu nyingine. Pili kwa kuwa nibu imefichwa huwezi kuona imeelekea wapi, unaishika na kuizungusha kidogo mpaka ipate mahali pake, wiki ya kwanza niliona kama inakwaruza kumbe niliishika upande. Tatu kubadilisha nibu si jambo la kufanya mezani kwako jioni, kwa hiyo nunua ukijua ncha ni nyembamba au nene, muulize muuzaji akutumie picha ya maandishi yake, akikataa achana naye. Na umuombe picha ya kifuko ndani ya kasha, sio picha ya mfuniko unaong'aa, mfuniko hauandiki. Angalia pia usipewe Hero 100, kalamu ya Kichina, ukiambiwa ni 51, zinafanana sana ukiangalia haraka. Halafu Parker wenyewe walitoa 51 mpya 2021, jina lilelile, ila hiyo mfuniko wake ni wa kuzungusha na inatumia katriji, vile vichupa vya wino vya kubadilisha, ni kalamu nyingine kabisa ndani, sisemi mbaya, nasema usichanganye.

Kuhusu uadimu. Kuna 51 adimu kweli, Aerometric ya rangi ya plum, zambarau iliyokolea, kwa mfano ilitengenezwa muda mfupi na watu wanagombana kwa ajili yake, na mimi pia naitamani nisidanganye. Ila nimegundua kitu kwenye trei yangu, kalamu ikishakuwa adimu sana naanza kuiogopa, naogopa kuiangusha, naogopa kuijaza wino wa rangi kali, mwisho naitazama tu. Hii nyeusi nimeiangusha mara mbili, imekaa kwenye mfuko wa suruali pamoja na funguo, nimeiazima mtu akasaini nayo akakandamiza kama anachimba, na bado. Mikwaruzo ningeweza kuisugua ikapotea, Lucite inang'arishika vizuri tu, lakini lile jina ubavuni lingefifia nalo, na nimeshamzoea mwenyewe.

Nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimekata kwa ajili ya nibu isiyo na maringo. Ile Vacumatic ya vito viwili iko kwa fundi, huu ni mwezi wa tatu tangu nimpelekee, anaiwekea mpira mpya, jana kaniambia imeanza kuvuta wino. Nimemwambia aishikilie kwanza, trei imejaa.