Changuu na Nakupenda kwa siku moja: boti nzuri, saa mbovu

Tulipanda boti Forodhani, Zanzibar, saa tatu asubuhi, mimi, mume wangu na mama mkwe anayeogopa maji. Nahodha alimshika mkono, akamwita "bi mkubwa", akamkalisha katikati pasiporuka maji. Hapo wenye boti nikawapa nyota zao. Kisiwani Changuu tuliwalisha mchicha wale kobe wakubwa wenye asili ya Aldabra, Ushelisheli. Mama mkwe akagoma kuondoka. Basi Nakupenda tukafika tumechelewa. Lile ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama. Pweza ndiyo kwanza anatolewa kwenye makaa, maji yashafika mkekani! Tulimalizia kula botini, sahani mapajani. Ukipanga safari, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, na kama bei ina kiingilio cha Changuu. Yetu haikuwa nacho.